Shoka dogo la kambi ya shamba: namna ya kuchagua bila kupoteza feza



Mwezi wa sita unakaribia. Kama kila mwaka, watu wa Kindu, Kailo, Kibombo na Pangi wataingia pori kufyeka mashamba mapya ya mpunga na muhogo. Wengi hawatarudi nyumbani kila jioni. Shamba likiwa mbali, mtu anajenga kibanda, analala huko wiki mbili ao tatu, na jamaa inamfuata na sufuria, chumvi na mafuta ya mawese. Katika kambi ya namna hiyo vyombo vya kazi ni vichache: mupanga, jembe, na shoka dogo la mkono. Hilo shoka ndilo linalokata miti ya kibanda, linapasua kuni, linachonga vigingi, linaondoa matawi juu ya magogo yaliyoanguka.

Mwanachama mmoja alitueleza yaliyompata. “Nilinunuaka shoka mu soko, ilikuwa na rangi nyekundu ya kupendeza. Siku ya pili kichwa ikaruka, ikapita karibu na sikio ya muke yangu. Tukatia misumari, ikaruka tena. Siku ya ine makali ikakunjika sawa karatasi. Njo nikabakia na mupini tu mu mikono.” Akarudi mji kwa miguu, akanunua lingine. Siku zilizopotea zikamfanya achelewe kuchoma, mvua ya mwezi wa tisa ikamkuta na matawi mabichi, na mpunga akaupanda katikati ya magogo yasiyoungua. Mama mwenye nyumba alipona, Mungu asifiwe. Lakini shoka la bei ya chini lilimgharimu msimu.

Kwa hiyo tumeona vema kueleza namna ya kuchagua shoka ambalo mkulima anaweza kulipa na ambalo litadumu.

Kwanza tuseme kitu ambacho wauzaji hawasemi: pengine huhitaji shoka. Kama shamba lako ni kichaka cha miaka miwili ao mitatu, chenye miti laini ya parasolier na majani makubwa, mupanga mzuri unatosha. Tunza feza yako. Shoka dogo linahitajika pale ambapo kuna miti migumu yenye unene wa mkono ao wa paja, na pale ambapo utakaa na moto siku nyingi. Na kwa kuangusha miti mikubwa, hilo dogo halitoshi kabisa. Kazi hiyo ni ya shoka kubwa, lenye kichwa cha kilo moja na nusu hivi na mpini unaofika kiunoni ao karibu yake. Koperative inaweza kuwa na mashoka makubwa mawili ao matatu ya kuazimana. Lile dogo, kila kambi iwe na lake: kichwa cha gramu 600 mpaka 800, mpini wa sentimeta 35 mpaka 45.

Sasa tuangalie chuma, maana hapo ndipo tunadanganywa.

Kindu ni mbali na viwanda. Bidhaa inatufikia kwa treni kutoka upande wa Kongolo, kwa ndege, kwa mashua kutoka Ubundu, kwa pikipiki kutoka upande wa Kasongo. Safari hiyo yote inaingia katika bei. Mara nyingi sehemu kubwa ya feza unayolipa ni ya njia, siyo ya chuma. Ndiyo maana shoka la dukani linaweza kuwa ghali na baya pamoja. Rangi inaficha mengi, na maandishi juu ya kichwa hayathibitishi kitu, maana mtu yeyote anaweza kugonga chapa.

Ukiwa mbele ya muuzaji, omba ruhusa ya kulijaribu kwa limu (wengine wanaita tupa). Pitisha limu mara moja tu juu ya makali. Ikiteleza kama juu ya chupa, chuma ni kigumu kupita kiasi na kitamegeka kwenye fundo la mti. Ikizama bila nguvu, kama unalima msumari, chuma ni laini na kitakunjika. Inayofaa ni ile ambayo limu inashika, lakini unasikia inakataa kidogo. Muuzaji akikataa limu isiguse mali yake, mshukuru na uende kwa mwingine.

Kisha shika kichwa kwa vidole viwili, kining'inie, na ukigonge kwa kipande kidogo cha chuma. Sauti safi inayolia kidogo ni dalili nzuri. Sauti ya kufa, kama chungu chenye ufa, inaonyesha kwamba pengine kuna ufa ndani, hasa pembeni ya tundu la mpini. Mwishoni, geuza shoka, weka jicho kwenye ncha ya mpini, tazama kuelekea makali. Makali yalale katika mstari mmoja na mpini. Yakielekea kushoto ao kulia, kila pigo litapotea, na mkono utachoka kabla ya saa nne.

Lakini sisi, kusema kweli, mara nyingi tunapendelea kichwa kilichofuliwa na fundi wa chuma wa hapa kwetu, kama amekifua kwa chuma kinachofaa. Upande wa Kasuku, wa Mikelenge ao ng'ambo ya mto katika Alunguli, na katika vijiji vingi, ukiuliza utaonyeshwa fundi. Swali la kumuuliza ni moja: “Fundi, umetumia chuma ya nini?”

Akijibu resori ya gari kubwa, ni jibu zuri. Resori imetengenezwa ili ijikunje na kurudi bila kuvunjika, na ina kaboni ya kutosha ili makali yakauke vizuri. Akijibu ferabeto, yaani vyuma vya kujengea, kataa. Chuma hicho mara nyingi ni laini, na hata akikitia moto mara kumi hakitashika makali ya kudumu. Na kama ni kipande cha reli? Chuma cha reli ni kizuri kabisa kwa shoka, hatutasema uongo. Lakini reli ni mali ya SNCC, na treni ileile ndiyo inayoleta chumvi na sabuni zetu. Tusinunue.

Chuma kizuri pia kinaharibika katika moto mbaya. Kuna hatua mbili, na wewe mnunuzi unaweza kuzifuata kwa macho. Ya kwanza ni kukausha makali: fundi anapasha moto upande wa makali mpaka sumaku isishike tena, kisha anazamisha katika mafuta. Mafuta ya mawese yaliyopashwa moto kidogo yanafaa. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa inatosha kwa kipimo. Maji baridi yanakausha haraka mno, na resori inaweza kupasuka. Hatua ya pili wengi wanairuka kwa sababu ya haraka: kulegeza. Fundi anasugua makali mpaka yang'ae, anapasha moto polepole kutoka upande wa kisogo, anatazama rangi inavyotembea juu ya chuma. Inaanza manjano ya majani makavu, inageuka kahawia, kisha zambarau, kisha bluu. Kwa shoka, zambarau inapofika kwenye makali na kuanza kuelekea bluu, anasimamisha hapo. Shoka lisilolegezwa linakata vizuri siku ya kwanza, kisha linatoa meno.

Kuhusu umbo, kwetu kuna namna mbili. Kuna shoka la mkia, lile la wazee wetu, ambalo chuma chake kina mkia uliochongoka, unaoingizwa kwa moto katika kichwa kinene cha mpini. Linatumia chuma kidogo, kwa hiyo bei yake inashuka, na kila pigo linakaza mkia zaidi. Ubaya wake ni kwamba siku moja mkia utapasua mti, na halina kisogo cha kupigilia vigingi. Kuna pia shoka la tundu, ambalo mpini unapita ndani ya kichwa na kukazwa kwa kabari. Linakula chuma zaidi, lakini mpini unabadilishwa upesi. Kwa kambi tunashauri la tundu, ukiweza kulipa. Kisogo chake ni cha kupiga mti, siyo kupiga chuma kingine, maana vipande vinaweza kuruka machoni.

Ukinunua kichwa peke yake, mpini unajitengenezea. Hapo unaokoa feza, tena unapata mpini bora kuliko wa dukani, ambao mara nyingi umekatwa kwa msumeno bila kufuata nyuzi za mti. Chagua mti mgumu unaovumilia mshtuko. Mpera unafaa sana, na mlimau pia. Mwembe, hapana. Usikate ubao kwa msumeno: pasua gogo, kwa sababu linapopasuka linafuata nyuzi zake lenyewe. Nyuzi ziende moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha. Zikikatiza mpini kwa mshazari, ni pale utavunjikia.

Kisha kauka. Tunarudia, juu ya hili ndilo kosa tunaloliona kila mwaka: mpini ukauke miezi miwili ao mitatu, chini ya paa, juu kidogo ya jiko la nyumba. Mpini mbichi ukikazwa leo utapungua ndani ya tundu, na kichwa kitaruka kama kile cha ndugu yetu. Wengine wanalaza shoka katika mto usiku kucha ili mti uvimbe. Asubuhi linakaza, ndiyo. Jua likipanda mti unapungua tena, na zaidi kuliko kwanza. Kabari ya mti mkavu ndiyo dawa.

Mpini ukivunjika, msitupe kichwa motoni ili kuunguza kile kipande kilichobaki ndani. Moto huo unafuta kazi yote ya fundi, na makali yanarudi kuwa laini. Kisukume nje kwa chuma chembamba na nyundo. Kikikataa kabisa, zika makali ndani ya udongo wenye maji mengi, uache tundu tu juu, ndipo uwashe moto mdogo hapo. Kwa sababu hiyohiyo, msinoe kwa mashine ya umeme mpaka chuma kigeuke bluu. Tumieni limu, ikisukumwa mbele tu na kuinuliwa inaporudi, kisha jiwe la mto na maji. Makali ya kupasulia kuni makavu yawe manene kidogo kuliko yale ya kukata miti mibichi.

Hesabu yake inakwendaje? Hii ni mfano tu, bei za kweli muulize sokoni. Tuseme shoka zima la dukani ni franka 20.000 na linamaliza msimu mmoja. Misimu mitano ni franka 100.000. Tuseme kichwa cha resori kwa fundi ni franka 30.000, na mpini unaubadilisha mwenyewe. Kikidumu misimu mitano, umebakiza franka 70.000. Tatizo ni kwamba ile 30.000 inatakiwa yote kwa mara moja, na hapo koperative ina kazi. Watu kumi wakiagiza pamoja, fundi ananunua resori nzima, anawasha moto mara chache, na bei inaweza kuzungumzwa. Lipeni nusu mbele, na nusu baada ya jaribio la limu kufanywa juu ya kila kichwa, siyo juu ya kimoja tu.

Tuseme pia juu ya miguu yenu. Watu wanafikiri shoka dogo halina hatari sana. Shoka la mpini mrefu likikosa gogo, mara nyingi linaangukia udongo. La mpini mfupi linaendelea na njia yake mpaka kwenye mguu wa mwenye kulishika. Unapopasua kuni kwa shoka fupi, piga magoti, na weka ukuni juu ya gogo pana. Watoto wasisimame mbele wala nyuma. Mtu akijikata, kamata kidonda kwa kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu bila kufungua kila dakika, na mpeleke kituo cha afya, hata kama damu imesimama, kwa sababu ya tetanosi. Msitie udongo wala majivu.

Kwa wale watakaoagiza msimu huu: miti ya mpini ikatwe sasa, oda kwa fundi ifike kabla ya Pasaka, na kila mmoja alete jina lake pamoja na urefu wa mkono wake, kutoka kwapa mpaka ncha za vidole. Mpini usipite huo. Mama wengi wanapewa mashoka yaliyopimwa kwa waume zao. Leteni pia kipande cha mpira wa tairi la kinga, sentimeta 20 hivi, cha kufunika makali njiani, hasa kwa wale watakaolibeba nyuma ya toleka.