Dishi au Faiba: Piga Hesabu ya Mwaka Mzima Kabla ya Kulipa

Kwa mpangaji wa Nairobi, Nakuru au Mombasa, kuchagua intaneti ya nyumbani hakukuwa na mambo mengi. Aliuliza ni faiba ya nani iliyofika kwenye ploti, akalipa. Starlink ilipoingia Kenya Julai 2023, na hasa ilipoanza kukodisha mtambo wake wa setilaiti Agosti 2024, hesabu zilibadilika. Safaricom, yenye wateja wengi kuliko wote katika soko la faiba, ililazimika kujibu. Majibu yake yanamhusu kila anayelipia Wi-Fi, hata asiye na nia ya kuweka dishi juu ya paa.

Mkubwa alivyojibu

Jibu la kwanza lilielekezwa kwa msimamizi wa soko. Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea, bali zifanye kazi kwa ushirikiano na kampuni zilizokwisha kupewa leseni nchini. Ilitaja, miongoni mwa mengine, hatari ya mawimbi kuingiliana. Hoja ya namna hiyo ni ya kupimwa na wataalamu. Mteja akumbuke tu kwamba haikumpunguzia bili hata shilingi.

Jibu la pili lilimgusa mteja moja kwa moja. Septemba 2024 kampuni hiyo iliongeza kasi ya faiba, na bei ya mwezi ikabaki ileile:

- Sh2,999: kutoka Mbps 10 hadi 15
- Sh4,100: kutoka Mbps 20 hadi 30
- Sh6,299: kutoka Mbps 40 hadi 80
- Sh12,499: kutoka Mbps 100 hadi 500

Juu ya hivyo kikaja kifurushi kipya cha Gbps 1 kwa Sh20,000.

Isome orodha hiyo tena, safari hii kutoka chini kwenda juu. Anayelipa Sh12,499 kasi yake imekuwa mara tano ya ile ya zamani. Anayelipa Sh2,999 ameongezewa nusu tu. Kila Mbps moja inamgharimu huyu wa mwisho karibu Sh200, na yule wa kwanza Sh25. Kwa maoni yangu sababu haijifichi: mwenye uwezo wa kununua dishi ndiye aliyekuwa rahisi kuhama, basi akabembelezwa zaidi. Mwenye kifurushi cha chini hakuwa na pa kwenda, na nyongeza yake ikawa ndogo.

Hata hivyo, asishawishike kupanda daraja asilolihitaji. Video ya HD hutumia takriban Mbps 5, na ya 4K takriban 15. Nyumba ya watu wanne wanaotazama filamu, kusoma na kufanya mikutano ya kazi itatosheka na Mbps 30. Mbps 500 ni za ofisi, au za nyumba yenye matumizi makubwa sana.

Hesabu ya miezi 12

Chukua bei zilizotangazwa mwaka 2024. Mtambo wa Starlink uliuzwa Sh45,500, na kifurushi cha kawaida kilikuwa Sh6,500 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza unafika Sh123,500. Faiba ya Mbps 80 ya Sh6,299, inayokaribiana nacho kwa bei ya mwezi, inafika Sh75,588. Tofauti ya karibu Sh48,000 ni karo kwa familia nyingi, na karibu yote inatokana na kununua mtambo.

Kwa bei za mwaka huohuo, ukikodi ungelipa Sh2,700 za kuanzia na Sh1,950 kila mwezi, bila kuhesabu intaneti yenyewe. Ukichukua kifurushi kidogo cha GB 50 kwa Sh1,300, mwaka wako ni Sh41,700. Faiba ya Sh2,999 ni Sh35,988 kwa mwaka, nayo haikuwekei ukomo wa GB 50, ambazo nyumba yenye watoto na televisheni ya intaneti inaweza kuzimaliza kabla ya katikati ya mwezi.

Kununua au kukodi? Kwa bei hizo, kodi hulingana na bei ya mtambo ifikapo mwezi wa 22. Ukiwa na hakika utautumia miaka miwili au zaidi, nunua. Ukiwa mpangaji asiyejua mwakani atakuwa wapi, kodi.

Yasiyo kwenye tangazo

Dishi hula umeme. Mtambo wa kawaida hutumia kati ya wati 50 na 100. Ukiwashwa mchana na usiku, ni yuniti 36 hadi 72 kwa mwezi. Zidisha na bei ya tokeni zako, ujumlishe kwenye hesabu. Ruta ya faiba hutumia sehemu ndogo tu ya umeme huo.

Dishi pia hutaka anga wazi, na ukikaa kwenye ghorofa ya kukodi huna budi kumwomba mwenye nyumba ruhusa ya kupanda paani. Tena nafasi ya mtandao angani ina kikomo. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a kwa sababu mtandao ulikuwa umejaa, na ikawafungulia tena mwaka 2025.

Faiba nayo ina maswali yake. Uliza kasi inashuka hadi ngapi ukipita kiwango cha matumizi ya haki. Uliza fundi huchukua muda gani kufika waya ukikatwa na wachimba barabara. Waulize majirani pia, maana wao hawana cha kukuuzia.

Uamuzi

Ukikaa mjini na faiba imefika mlangoni, baki nayo. Chagua kifurushi kwa matumizi yako, kisha pata bei za kampuni kama Zuku, Faiba ya Jamii na wengine waliofika mtaani kwako kabla ya kulipia mwezi mwingine. Kampuni huwa na lugha laini kwa mteja mwenye pa kwenda.

Ukiwa Turkana, Marsabit au kijiji chochote kisicho na waya, orodha ya Septemba 2024 haikukupa kitu. Huko dishi ndilo chaguo la kweli, na gharama yake hustahimilika inapobebwa na wengi. Shule, zahanati, chama au duka la saiba linaloutumia mtambo mmoja kutwa nzima litaona faida ambayo nyumba moja haiwezi kuiona. Soma masharti kwanza, kwa kuwa kifurushi cha nyumbani si ruhusa ya kuuzia watu intaneti.

Ushindani umeshathibitisha kwamba kasi ingeweza kuongezwa bila bei kupanda. Sasa tuidai kwa wa chini pia: kifurushi cha Sh2,999 kipewe nyongeza inayolingana na ile ya juu, na Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyoundwa kufikisha mawasiliano kwenye maeneo yaliyosahaulika, ipeleke fedha zake waya usipofika. Mlipaji wa Sh2,999 ni mteja kamili.