Kifua cha mtoto kinapopiga mluzi

Mwezi uliopita nililala kwa dada yangu Maganzo, mji mdogo ulio kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Usiku wa manane niliamshwa na kikohozi. Nilimkuta mpwa wangu wa miaka 9 ameketi kitandani, mabega yanapanda na kushuka, kifuani mnatoka sauti kama ya mluzi.

"Ni kifua chake tu, kaka," alisema dada. "Kiangazi kikiingia humshika."

Asubuhi kijana alikimbia kwenda shule kama hakuna kilichotokea. Nikaomba daftari lake la matibabu. Nimonia, mara nne. Mkamba, mara mbili. Kila mara antibayotiki. Neno pumu halikuwamo hata mara moja.

Pumu haitokani na kijidudu ambacho antibayotiki itakiua. Njia za hewa ndani ya mapafu huwa zimevimba. Zikichokozwa na moshi wa mkaa, vumbi, baridi ya alfajiri, mende au mafua ya kawaida, misuli inayozizunguka hujikaza na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hewa inayopenya kwa shida ndiyo hupiga mluzi. Baadaye njia hufunguka, na mtoto akawa mzima. Hapo ndipo ugonjwa huu unapojificha: mama hufika zahanati saa nne asubuhi na mtoto ambaye kifua chake kimetulia. Mganga ataandika nini?

Wala si jambo la Maganzo peke yake. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London. Walihojiwa wanafunzi zaidi ya 27,000 wa miaka 12 hadi 14 katika miji ya nchi sita za Afrika, Kampala ikiwamo. Katika kila wanafunzi 100, kama 12 walikuwa na dalili za pumu. Kati ya hao wenye dalili, ni mmoja tu katika kila watano aliyewahi kuambiwa na mganga kuwa ana pumu. Tanzania haikuhusishwa, lakini sioni sababu ya Manzese au Kirumba kuwa tofauti.

Kipimo chake si cha ajabu. Mtoto hupuliza kwa nguvu kwenye mashine, huvuta dawa ya kufungua kifua, kisha baada ya dakika 15 hupuliza tena. Pumzi ikiongezeka sana, hiyo ni dalili kubwa ya pumu. Pasipo na mashine, maswali husaidia: hukohoa usiku? Akikimbia je? Hurudiwa mara ngapi? Ila kikohozi kisichokatika kwa wiki mbili kipimwe kifua kikuu kwanza, hasa kwetu huku kwenye migodi.

Mimi ni mtu wa redio, kinasa sauti hakiniachi. Usiku wa pili nilirekodi ule mluzi, na kesho yake daktari mmoja mjini Shinyanga akausikiliza. Alimuuliza dada maswali yake, akampima mtoto, akaandika: pumu.

Dawa zenyewe ni mbili, zote za kuvuta. Salbutamol hufungua njia za hewa papo hapo. Beclometasone hupunguza uvimbe polepole, na hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Wapo wanaoogopa kwamba dawa ya kuvuta humzoesha mtoto asiweze kuiacha. Si kweli. Kinachotisha ni kutegemea ile ya kwanza pekee, maana hutuliza shambulio na kuacha uvimbe palepale.

Mtoto akishindwa kuivuta vizuri, ipo njia. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitakoni ili dawa ichomekwe hapo, na mtoto akavutia mdomoni mwa chupa, hufanya kazi sawa na kile chombo cha kununua. Ya mpwa wangu tulitengeneza kwa chupa ya maji.

Jumatatu dada alinipigia simu. Kijana amelala usiku kucha siku nne mfululizo. Nikamuuliza kuhusu ile dawa ya pili.

"Hiyo bado, kaka. Nimenunua hii ya kwanza tu, mpaka tuuze choroko."

Nimemtumia nauli na fedha ya dawa.