Mbwa Mkubwa Mlinzi wa Mifugo: Tabia na Matunzo Yake

Chini ya milima ya Nguru, huko Turiani katika wilaya ya Mvomero, mashamba ya miwa na mpunga hayako mbali na nyanda za malisho za bonde la mto Wami. Wafugaji wa nyanda hizo, wengi wao Wamasai na Waparakuyo, huchunga ng'ombe, mbuzi na kondoo wakifuatana na mbwa. Usiku mbwa hulala kando ya zizi, na fisi anyemeleapo, aghalabu yeye ndiye wa kwanza kumtambua.

Mbwa wa kienyeji ni mdogo. Uzito wake waweza kuwa kilo 15 hivi. Kazi yake hasa ni kubweka ili watu waamke. Je, haingefaa kuleta mbwa wakubwa wa kigeni wawezao kumkabili fisi au chui wenyewe? Swali hili linahitaji jibu la kisayansi, kwa maana mbwa asiyetunzwa ipasavyo huwa hatari kwa wale wale anaopaswa kuwalinda.

Mbwa wa Anatolia

Miongoni mwa mbwa walinzi wanaojulikana sana ni yule wa nyanda za juu za Anatolia, nchini Uturuki, ambako kwa karne nyingi amelinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu. Dume aweza kufikia sentimita 75 au zaidi begani, na uzito wa kilo 50 hadi 60. Mwaka 1994 mbwa hao walianza kugawiwa wafugaji wa Namibia, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiwaua duma ili kuokoa mbuzi wao. Wafugaji wengi waliopewa mbwa hao waliripoti kuwa hasara yao ilipungua sana. Katika miaka ya 2010 mbwa wa aina hiyo walijaribiwa hapa Tanzania pia, katika vijiji vilivyo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Mbwa huyu hachungi mifugo kwa kuifukuza huku na huko. Hukaa katikati ya kundi kama mmoja wao. Akihisi hatari, husimama kati ya kundi na adui, hubweka kwa sauti nzito, na hupigana pale tu anapolazimika. Mnyama mkali hukwepa kujeruhiwa, kwani mwindaji aliyevunjika mguu hufa kwa njaa. Kwa hiyo mara nyingi huondoka bila vita.

Tabia hiyo sehemu moja ni ya kurithi na sehemu nyingine ni ya malezi. Tangu wiki ya 3 hadi ya 14 hivi ya maisha yake, ubongo wa mtoto wa mbwa uko tayari kuwapokea viumbe wengine kuwa jamaa zake. Akilelewa zizini wakati huo, atawahesabu mbuzi kuwa wenziwe. Akifungwa mnyororo peke yake, atakua akimwogopa au kumshambulia kila apitaye. Basi ukali wa mbwa aliyefungwa daima si ulinzi. Ni dalili ya malezi mabaya.

Chakula na joto

Wanasayansi wamegundua kuwa mahitaji ya nishati ya mnyama hayaongezeki sawasawa na uzito wake. Mbwa wa kilo 15 akipumzika huhitaji kalori kubwa 530 hivi kwa siku, na wa kilo 50 huhitaji 1,300 hivi. Uzito umezidi mara tatu na zaidi, lakini chakula kimezidi mara mbili na nusu. Mbwa afanyaye kazi huhitaji mara mbili ya kiasi hicho. Ugali mtupu haumtoshi. Sharti apate protini, kama vile dagaa, mifupa yenye nyama au maharage yaliyopikwa vizuri. Familia isiyo na chakula hicho isifuge mbwa mkubwa, kwani mbwa mwenye njaa huliacha kundi akaenda kutafuta riziki majalalani.

Joto nalo ni tatizo. Mbwa hatoki jasho mwilini kama binadamu, bali hujipoza hasa kwa kuhema, maji yakigeuka mvuke katika ulimi na njia za hewa. Katika hewa yenye unyevu mwingi, kama ya Turiani wakati wa masika, maji hayo hukauka polepole. Aidha, kadiri mwili unavyokuwa mkubwa, ndivyo eneo la ngozi linavyokuwa dogo likilinganishwa na ujazo wake, na joto hutoka kwa shida. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38.5 za Selsiasi. Likizidi 41 maisha yake yamo hatarini. Kivuli na maji safi ni lazima.

Maradhi

Kupe hueneza vijidudu vinavyoharibu chembe za damu. Mbung'o hueneza nagana, ambayo kwa mbwa hujionyesha kwa homa, kukonda na ukungu mweupe machoni. Mbwa waliotoka nchi za mbali huugua vibaya kuliko wale wa kienyeji, ambao vizazi vyao vimeishi na vijidudu hivyo kwa muda mrefu. Yafaa mbwa akaguliwe kupe kila siku, na apewe dawa kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo.

Mbwa asilishwe matumbo, maini wala mapafu mabichi. Ndani yake huweza kuwemo tegu mdogo ambaye mayai yake, yakitoka na kinyesi cha mbwa na kumwingia mtu, hufanya vifuko vya maji katika ini au mapafu ya mtu huyo.

Maradhi ya kutisha kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Inakadiriwa kwamba huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaanza, mgonjwa kwa kawaida haponi. Lakini tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885, kinga ipo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe.

Kwa nini wataalamu husisitiza kuchanja asilimia 70 ya mbwa? Mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa wasiofika wawili. Tuseme ni 1.5: theluthi moja ya mbwa wakiwa na kinga, kila mgonjwa ataambukiza mmoja tu, na ugonjwa hautaenea zaidi. Lakini mbwa waliochanjwa hufa na watoto wapya huzaliwa, hivyo kinga ya kijiji hupungua kila mwezi. Asilimia 70 huwezesha kijiji kubaki salama mpaka chanjo ya mwaka ufuatao.

Hitimisho

Kwa kaya nyingi za Turiani, mbwa wa kienyeji aliyelelewa zizini, akashiba na kuchanjwa, atafaa kuliko jitu la kigeni lenye njaa na kupe. Atakayefuga mbwa mkubwa hana budi kukubali gharama yake yote.

Wanafunzi waweza kuanza kazi hii shuleni. Hesabuni mbwa wa kitongoji chenu na ulizeni ni wangapi waliochanjwa mwaka huu. Ikiwa wapo 200, wapaswa kuwa 140 au zaidi. Wakipungua, mpelekeeni afisa mifugo wa kata hesabu hiyo.