Rika Likihamia Mjini

Kwa mila ya Kimasai, morani hali peke yake. Hata maziwa hayanywi mpaka awepo mwenzake wa rika wa kunywa naye. Akifika bomani ana njaa na hana mwenzake, atavumilia. Walio nje huliona sharti hili kama adabu ya mlo tu, lakini kazi yake ni kubwa zaidi. Kijana anayelazimika kula na wenzake kila siku hawezi kuzama kimyakimya. Akikonda wanamwona, akisusa chakula wanamuuliza, akianza kujitenga wanamfuata. Sasa mtoe kijana huyo Nainokanoka au Endulen, huko Ngorongoro, mpeleke Karatu mjini, mkabidhi tochi, kirungu na koti la baridi, awe mlinzi wa nyumba ya wageni kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Ugali wake unaletwa kwenye sahani iliyofunikwa, anaula kibandani karibu na geti, peke yake. Wenye nyumba wanapoamka, yeye ndiyo kwanza anakwenda kulala. Sharti la wazee limevunjika bila yeye kutaka, na ulinzi uliokuwa ndani yake umeondoka nalo. Hoja yangu ni kwamba wanaume hawa wanahitaji kundi la kusaidiana hapo hapo mjini, na kwamba kundi hilo litasimama imara zaidi likijengwa juu ya rika ambalo tayari wanalo kuliko likiletwa kama semina ya afya.

Kwanza tuangalie kilichowaleta mjini. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lenye kilomita za mraba 8,292, lilianzishwa mwaka 1959 ili Wamasai waliotolewa Serengeti wapate mahali pa kuishi na kuchunga pamoja na wanyamapori. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi ndani ya kreta ziliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku, mwaka 1992 kikaruhusiwa, mwaka 2009 kikafungwa tena. Mwishoni mwa 2016 mifugo ikazuiwa kushuka kreta, na Juni 2022 ukaanza uhamishaji wa kaya kwenda Msomera, wilayani Handeni. Wakazi waliokuwa kama 8,000 mwanzoni walikuwa wamezidi 90,000. Serikali inasema ongezeko hilo linatishia hifadhi. Wakazi wengi wamepinga kuhamishwa, na Agosti 2024 walijitokeza kwa maelfu barabarani kusema hivyo. Ukiongeza ukame wa 2021 na 2022, mfugaji asiye na ng'ombe wa kutosha wala ruhusa ya kulima amebakiwa na njia chache. Kijana anashuka kupitia lango la Lodoare na kufika Karatu; wengine wanaendelea mpaka Arusha, Dar es Salaam na Zanzibar, wakilinda mageti, wakisuka nywele, wakiuza dawa za mizizi na makubazi. Wanasifiwa kwa uaminifu na ukali wao usiku. Ni nadra mtu kuwauliza wamelalaje.

Mwanaume aliyelelewa kuhesabu heshima yake kwa mifugo, akajikuta anahesabu mshahara unaokwisha kabla ya mwezi, ana mzigo ambao hauonekani kwa macho. Anatakiwa kutuma pesa nyumbani, na asipotuma, simu ya nyumbani inageuka kitu cha kuogopwa. Pombe iko jirani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani, na kwamba wanaume hufa kwa njia hiyo zaidi ya mara mbili ya wanawake, ingawa wanawake ndio wanaogundulika zaidi kuwa na sonona. Tofauti hiyo inaeleza mengi: wanaume wengi hawafiki kwa mtu wa kuwasikiliza mpaka wamechelewa. Hapa kwetu Tanzania sheria nayo inawasukuma mafichoni, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikasema kinakiuka Katiba. Mlinzi wa Karatu anayewaza kufa anajua jambo moja tu kuhusu sheria: akisema, huenda akaishia polisi.

Je, kundi la kuzungumza linaweza kusaidia kweli, au ni maneno matamu? Ushahidi wa karibu unatoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mjini Harare kuwafundisha akina bibi wa mitaani kuwasikiliza watu wenye huzuni nzito, wakikaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kuchambua tatizo moja moja. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573 katika kliniki 24. Baada ya miezi sita, karibu nusu ya waliopata huduma ya kawaida bado walikuwa na dalili za sonona. Miongoni mwa waliokaa na akina bibi, walikuwa kama asilimia 14. Baada ya mazungumzo ya benchi, mtu hukaribishwa kwenye kundi la wenzake. Lakini takwimu hizo hizo zina onyo ambalo watu hupenda kuliruka: zaidi ya asilimia 80 ya walioshiriki walikuwa wanawake. Benchi nje ya kliniki linamfikia anayekwenda kliniki, na mwanaume haendi.

Kwa hiyo inabidi kuangalia mahali ambapo wanaume wenyewe wamevutwa. Vancouver, nchini Kanada, katika mtaa maskini wa Downtown Eastside, tangu 2010 kuna klabu iitwayo DUDES Club ambayo wengi wa wanaokuja ni wanaume wa makabila ya asili waliohamia mjini. Wanakula pamoja, mzee wa kimila anakuwepo, daktari anakaa kama mmoja wao. Chakula kinatangulia, afya inafuata, na mzee ndiye anayefanya pahali pawe pao. Mengi ya hayo Wamasai wanayo tayari. Wana olpul, kambi ya porini ambako wanaume huchinja na kukaa siku kadhaa wakila nyama na kunywa supu iliyochemshwa na magome ya mti wa olkiloriti. Wana mkutano ambao anayesema husimama na fimbo mkononi, waliokaa wakamwacha amalize. Wana laigwanani, kiongozi wa rika, anayejulikana na rika zima, na wana olpiron, yaani wazee wa rika la juu yao kwa hatua mbili ambao kimila wajibu wao ni kuwalea na kuwaonya morani. Mradi gani unaweza kununua utaratibu kama huo?

Kuuendesha mjini kunataka ujuzi wa mambo madogo. Saa 9 alasiri ndiyo saa inayofaa, kwa sababu mlinzi ameshalala na hajaingia lindo. Mkutano wa asubuhi utawapata wakisinzia na wa jioni hautampata mtu. Mahali pafaapo ni kivulini nyuma ya bucha au karibu na mnada, ambapo mwanaume akionekana hakuna anayeuliza amefuata nini. Kilabu cha pombe hakifai, na ofisi inawatisha. Watu kumi na watano wanatosha. Wakizidi, mazungumzo yanageuka hotuba. Supu ichemke kwanza. Mazungumzo yaanze kwa habari za ng'ombe, mvua na watoto, kama salamu zinavyokwenda siku zote, maana anayesema ndama wake wamekufa na hajui la kumwambia mke wake ameshaingia kwenye jambo lenyewe bila kulazimishwa kulitaja. Pawepo mfuko mdogo wa kuchangiana kwa aliyefukuzwa kazi au anayetaka nauli ya kwenda msibani, kwa sababu mtu hujifunza kuamini kundi pale linapomlipia nauli. Na wawili miongoni mwao wafundishwe dalili za hatari, wawe na namba ya muuguzi mmoja wanayemjua kwa sura, na wamsindikize mwenzao hospitali badala ya kumwelekeza tu.

Atasema mtu kwamba rika ndilo linalomfunga mwanaume mdomo: mtoto anayetikisika chini ya kisu cha tohara huaibisha ukoo, sasa atalia vipi mbele ya wenzake? Hoja ni nzito. Ila mila hiyo hiyo inayodai ukimya mbele ya kisu inadai maneno mkutanoni, na anayenyamaza huko huonekana ameficha kitu. Hata hivyo yapo mambo, hasa ya ndoa na ya mwili, ambayo mwanaume hatayasema mbele ya wana rika. Hapo ndipo mzee wa olpiron anapohitajika kwa faragha, na muuguzi baada yake. Kundi lisilokubali kwamba haliwezi kubeba kila kitu litamponza mtu.

Mwingine ataona harufu ya ukabila, na katika nchi inayoshikilia kwamba Watanzania wote ni wenyeji asilia, ingawa iliunga mkono tamko la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili, wasiwasi wake unaeleweka. Lakini kundi la watu wanaosemezana kwa lugha ya mama zao halimnyang'anyi jirani kitu. Wadatoga wa bonde la Eyasi wanaweza kuwa na la kwao. Wahadzabe hawana marika kabisa. Walicho nacho wanaume wao ni nyama ya epeme, inayoliwa na wanaume waliofuzu pekee, na anayetaka kuwasaidia aanzie hapo badala ya kuwabebea marika ya Kimasai. Kuhusu wanawake waliobaki bomani, wao ndio wa kwanza kulala njaa mshahara ukiishia kilabuni, hivyo kundi hili ni faida yao pia.

Pingamizi linaloniumiza zaidi ni la ardhi: kwamba wanaume hawa wanahitaji malisho, na kuwapa kikao cha kuzungumza ni kuwabembeleza wasahau. Nakubali kwamba hakuna kikao kinachorudisha malisho, na yeyote atakayekitoa kama mbadala wa haki akataliwe. Ndiyo maana fedha za kuanzishia zisitoke kwa upande wowote wenye maslahi katika kuhama au kutohama kwao. Supu, sukari na vocha ya simu vinaweza kutoka kwenye michango yao wenyewe. Lakini mtu aliyezama kwenye gongo hahudhurii mkutano wa kijiji chake, wala hasomi tangazo linalohusu ardhi ya baba yake. Madai ya ardhi ni ya miaka mingi, na yanahitaji wanaume watakaokuwa hai na timamu kuyafuatilia. Wenye nyumba za wageni na hoteli za Karatu wanaweza kuanza kwa kitu kidogo: wampe mlinzi ruhusa ya kuingia lindo saa 1 usiku badala ya saa 12 jioni, mara mbili kwa mwezi, siku za kikao, bila kukata mshahara.