Thiamini na Mlango wa Ubongo
Ubongo haujitengenezei thiamini, yaani vitamini B1. Huipata kutoka katika damu, ikivushwa na protini maalumu kwenye kuta za mishipa midogo. Ndani ya seli huunganishwa na fosfati, ikasaidia kugeuza glukosi kuwa nishati. Ikiwa na fosfati hiyo, haitoki kwa urahisi. Akiba ya mwili hutosha takribani wiki 2 hadi 3. Hivyo mjamzito wa Tegeta aliyetapika kwa wiki kadhaa apewe thiamini kabla ya dripu ya glukosi, au pamoja nayo. Glukosi peke yake huweza kumaliza akiba iliyobaki na kuleta ugonjwa wa Wernicke: kuchanganyikiwa, kuyumba na macho kuchezacheza. Hata hivyo, sukari ikishuka mno, glukosi isicheleweshwe. Nawe mgonjwa, ukifika zahanati, taja siku ulizokosa chakula.