Miaka Tisini ya Kumtetea Mnyama wa Kazi

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya wanyama wanaotufanyia kazi, yaani maksai wanaokokota plau na punda wanaobeba mizigo. Yanakuhusu wewe uliyeko Ipole, pale njia itokayo Tabora na Sikonge inapogawanyika, moja ikienda Mpanda na nyingine Rungwa. Yanamhusu pia kila mkulima ambaye mvua za kwanza zikinyesha huwatazama maksai wake na kujiuliza: je, mwaka huu wataweza?

Mwaka 2024 vyama viwili vya kutetea wanyama vilitimiza umri mkubwa. Kimoja ni Chama cha Kifalme cha Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, cha Uingereza, kilichotimiza miaka 200. Kingine ni shirika la Brooke, ambalo lilizaliwa hapa hapa Afrika, mjini Kairo, nalo likatimiza miaka 90. Huenda ukasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu na mbwa wao, mimi yananihusu nini?" Ngoja kwanza, ndugu yangu. Habari yenyewe ni ya ng'ombe, farasi na punda wa kazi.

Tuanze na kile chama cha kwanza. Mwaka 1822 mbunge mmoja wa Uingereza, Richard Martin, alipitisha sheria ya kukataza kuwatesa ng'ombe na wanyama wengine wa kufugwa. Lakini sheria isiyo na watu wa kuisimamia ni karatasi tu. Basi tarehe 16 Juni 1824 watu wachache walikutana katika mkahawa mmoja wa London wakaunda chama. Mmoja wao alikuwa William Wilberforce, yule aliyepigana miaka mingi bungeni kuipinga biashara ya watumwa. Sisi wa Tabora tunaijua biashara hiyo, maana njia yake ilipita kwetu. Chama kilianza kwa taabu. Mwaka 1826 katibu wake wa kwanza, Arthur Broome, alitiwa jela kwa sababu ya madeni ya chama. Hata hivyo hakikufa, na mwaka 1840 Malkia Victoria alikipa ruhusa ya kujiita cha Kifalme.

Sasa twende Kairo. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipokwisha, maelfu ya farasi wa jeshi la Uingereza waliokuwa Misri waliuzwa huko huko. Walionunuliwa na watu maskini walivutishwa mikokoteni na kubebeshwa mawe mwaka hata mwaka. Mwaka 1930 Bibi Dorothy Brooke, mke wa ofisa wa jeshi, alifika Kairo akawakuta farasi hao. Walikuwa wazee, vipofu, wamebaki mifupa, na bado wako kazini. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti moja la Uingereza, na wasomaji wakamtumia fedha. Kwa fedha hizo alinunua farasi wapatao 5,000. Wengi walikuwa wamechakaa mno, ikabidi wapumzishwe kwa kifo kisicho na maumivu.

Hapo ndipo lilipo somo, ndugu mkulima. Bibi huyo aliona kwamba kununua wanyama waliochoka hakumalizi shida, kwani wenye farasi wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa maskini, na mnyama yule ndiye aliyewapatia chakula cha watoto. Kwa hiyo mwaka 1934 alifungua hospitali ya wanyama mjini Kairo, ambako mtu maskini aliweza kumleta farasi au punda wake akatibiwa bila malipo. Kutoka katika hospitali hiyo moja shirika limeenea nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kati, na leo sehemu kubwa ya kazi yake ni kumpa maarifa mwenye mnyama. Miaka 90 imethibitisha kwamba mwenye mnyama akijua la kufanya, mnyama hupona mapema, na nyumba nzima hufaidika.

Turudi kwetu. Zamani misafara ya kutoka pwani hadi Unyanyembe ilitegemea mabega ya wapagazi, kwa sababu mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Punda walikuwapo, na watu wa pwani walimwita punda wa bara kihongwe, lakini hawakutosha. Mwaka 1866 David Livingstone alijaribu. Alitoka pwani ya kusini, karibu na mto Ruvuma, akiwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama wao, baghala 2 na punda 4, ili aone kama watastahimili mbung'o. Lakini askari waliowekwa kuwatunza waliwabebesha kupita kiasi, wakawapiga na kuwatia majeraha, nao wakafa. Mwisho wake Livingstone hakuweza kujua kama wameuawa na mbung'o au na fimbo. Miaka sita baadaye alikaa Kwihara, karibu na Tabora, akiwangoja wapagazi.

Jambo hilo lipo hata leo. Maksai akikonda na kulala chini, wengi husema "ni mbung'o." Pengine ni kweli, maana misitu yetu ya miombo bado inao. Lakini pengine ni njaa, kiu au jeraha la nira. Usipomtunza vizuri, hutajua kinachomuua, na fedha ya dawa itapotea bure. Basi shika mambo haya matano.

Kwanza, chakula. Mwezi wa Oktoba nyasi zimekauka au zimeungua, na kulima kumekaribia. Baada ya mavuno usichome mabua ya mahindi wala usitupe majani ya karanga na ya viazi vitamu. Yakaushe, uyaweke juu ya kichanja penye kivuli, na uwape maksai wiki kadhaa kabla ya mvua.

Pili, maji. Mnyama anywe kabla ya kazi na baada ya kazi. Lima kuanzia alfajiri hadi saa nne hivi, jua likiwa kali mfungue apumzike.

Tatu, nira. Pitisha kiganja chako kwenye nira yote. Palipo na ncha au ukali utakaokuumiza wewe, patamuumiza na yeye. Chonga mpaka pawe laini. Wala usimfunge punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe husukuma kwa shingo mbele ya nundu, lakini punda hana nundu, yeye huvuta kwa kifua. Mfanyie lijamu lenye ukanda mpana wa kifua.

Nne, majeraha. Lioshe jeraha kwa maji safi ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, na mnyama apumzike mpaka apone. Usipake oili chafu ya gari wala maji ya betri. Hivyo huunguza nyama na kuchelewesha kupona.

Tano, magonjwa. Ukiona mnyama anakonda ingawa anakula, manyoya yamesimama na ufizi umekuwa mweupe, mwite Bwana Mifugo mapema. Dawa ya nagana hupimwa kwa uzito wa mnyama. Ukitoa pungufu, vimelea huizoea, na siku nyingine haitafanya kazi.

Punda naye ana hatari nyingine. Ngozi yake hutafutwa sana ili kutengenezea dawa ya asili huko China, na punda wengi wa Afrika wamechinjwa au kuibwa kwa ajili hiyo. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo wakimalizwa hawarudi upesi. Ndiyo sababu Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Tanzania pia ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amtunze na inayokataza kumtesa.

Waswahili husema shukrani ya punda ni mateke. Sawa, lakini punda aliyechapwa tangu asubuhi, mwenye kidonda mgongoni, atashukuru nini?

Kila tarehe 4 Oktoba ni Siku ya Wanyama Duniani, nayo kwetu Tabora huangukia majuma machache kabla ya mvua. Siku hiyo, kaa na jirani zako, kila mtu alete nira yake na lijamu lake. Kagueni pamoja shingo, migongo na kwato za wanyama wenu, na mbovu irekebishwe siku hiyo hiyo. Mvua ikinyesha, uwe tayari kuingia shambani na maksai wenye nguvu. Kazi njema, ndugu mkulima.