Kiangazi Kifupi cha Ufini

Ufini ni nchi ya Ulaya, mbali sana upande wa kaskazini. Mashariki yake ni Urusi, magharibi yake ni Uswidi. Mji wake mkuu ni Helsinki. Watu wake ni kama milioni 5 na nusu tu, lakini maziwa yake, makubwa na madogo, yapata 188,000. Mahali pasipo na ziwa pana msitu. Mtu akipanda kilimani huona miti na maji, miti na maji, mpaka macho yachoke.

Katika nchi hiyo wakati wa joto ni mfupi. Ni miezi mitatu tu: mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Katika miezi hiyo kila jamaa ina mambo mengi: kutengeneza nyumba, kupasua kuni, kula sikukuu, kuogelea, kuvua samaki, kuchuma matunda. Mgeni akiwaona huuliza: «Watu hawa wanapumzika au wanafanya kazi?» Wanafanya yote mawili pamoja. Na sababu yake ni baridi.

1. Jua lisilotaka kulala

Watoto wa Kongo wanajua kwamba mchana na usiku ni karibu sawasawa mwaka mzima. Jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili ya asubuhi, na hutua karibu na saa kumi na mbili ya jioni. Ni kwa sababu mstari wa ikweta wapita katika nchi yao.

Ufini sivyo. Dunia yetu huzunguka jua muda wa mwaka mmoja, lakini haikusimama wima. Imeinama upande, kama pia ya watoto inayozunguka huku imelala kidogo. Katika mwezi wa sita, upande wa kaskazini huinamia jua. Basi huko mchana huwa mrefu sana. Mjini Helsinki jua huchomoza karibu na saa kumi ya alfajiri, na hutua karibu na saa tano ya usiku. Kaskazini kabisa, katika Utsjoki, jua halitui hata mara moja kwa muda wa siku 70 na zaidi. Usiku wa manane mtu aweza kusoma kitabu nje bila taa.

Katika mwezi wa kumi na mbili mambo hugeuka. Upande wa kaskazini huinama mbali na jua. Helsinki hupata mwanga wa jua muda usiotimia saa sita kwa siku. Utsjoki jua halionekani kabisa kwa majuma mengi. Maji ya maziwa huganda, yakawa magumu kama jiwe, na watu hutembea juu yake kwa miguu. Theluji hufunika shamba na njia. Udongo wenyewe huganda, jembe haliingii.

Sasa ni rahisi kufahamu kwa nini watu wa Ufini hawapotezi hata siku moja ya kiangazi. Huwezi kuchimba udongo ulioganda. Huwezi kupaka rangi ukuta wenye theluji. Kazi ya nje isiyofanywa wakati wa joto itangoja mwaka mzima.

2. Nyumba ndogo kando ya ziwa

Zamani watu wengi wa Ufini walikuwa wakulima. Katika miaka ya 1950 na 1960 wengi walihamia mijini kutafuta kazi katika viwanda na maofisi. Lakini hawakutaka kusahau msitu na ziwa. Wengine waliitunza nyumba ya wazee wao. Wengine walijijengea nyumba ndogo ya mbao kando ya maji. Nyumba ya namna hiyo huitwa «mökki». Leo hesabu yao yapata 500,000.

Mökki si nyumba ya fahari. Mara nyingi ina chumba kimoja au viwili, jiko la kuni, vitanda vya mbao na meza karibu na dirisha. Nyingine hazina umeme. Maji huchotwa kisimani, na choo kiko nje, nyuma ya miti. Watu wenye nyumba nzuri mjini hufurahi kukaa humo, kuchota maji kwa ndoo na kuwasha moto kwa mkono wao wenyewe.

Fikirini jamaa moja ya nchi hiyo: baba na mama, kijana wa miaka 12 na dada yake wa miaka 8. Wakaa mjini. Babu na bibi wakaa kijijini, si mbali na ziwa, katika nyumba inayopashwa moto kwa kuni. Babu ndiye aliyeijenga mökki alipokuwa kijana. Sasa ana miaka 78, na magoti yake hayapendi tena ngazi. Masomo hufungwa mwanzo wa mwezi wa sita, na hufunguliwa tena katikati ya mwezi wa nane. Siku ile ile ya kufunga masomo jamaa hiyo hufunga mizigo, huingia motokaa na kwenda ziwani.

3. Kazi tatu za kwanza

Kazi ya kwanza ni gati ya mbao, pale mtumbwi unapofungwa na watoto wanapotelemka kuoga. Gati hiyo hutolewa majini mbele ya baridi kuja, kwa sababu barafu ina nguvu nyingi. Husukuma na kuvunja nguzo kama vijiti. Basi kila mwaka ni lazima kuirudisha. Baba na kijana huingia majini mpaka kifuani, hushika mbao na kupiga misumari. Maji yangali baridi, nao hupiga kelele. Dada hucheka akiwa nchi kavu.

Kazi ya pili ni rangi. Nyumba nyingi za mbao za Ufini zina rangi nyekundu kama udongo wa kichuguu. Asili ya rangi hiyo ni mgodi wa shaba wa Falun, katika nchi ya Uswidi. Mgodi ulifungwa mwaka 1992, lakini mawe na udongo uliotupwa nje zamani bado hutengenezwa kuwa rangi. Watu huchemsha maji katika pipa pamoja na unga wa nafaka, chumvi ya chuma na vumbi hilo jekundu, mpaka ipatikane rangi nzito kama uji. Rangi hiyo haifungi mbao. Mbao zikilowa, maji yaweza kutoka tena, wala haziozi upesi. Lakini mbele ya kupaka, ni lazima kusugua ukuta wote kwa brashi ngumu ya chuma ili kuondoa rangi ya zamani. Hiyo ndiyo kazi inayochosha mikono. Kupaka kwenyewe ni furaha.

Mwaka huu babu haruhusiwi kupanda ngazi. Aketi chini kitini na kutazama. «Pale juu umepasahau!» amwambia mwanawe. Baba hushuka, husogeza ngazi, hupanda tena. Kwa miaka mingi alikuwa yeye chini na babu juu. Sasa zamu imegeuka.

Kazi ya tatu ni kuni. Katika nchi hiyo kuni njema ni za mti wenye gome jeupe, uitwao «koivu». Miti hukatwa wakati wa baridi, lakini ni lazima kuipasua na kuipanga mapema, ili jua na upepo wa kiangazi viikaushe. Kuni mbichi zina maji mengi ndani yake. Moto hutumia nguvu yake kwanza kuyakausha maji hayo, na nyumba hupata moshi badala ya joto. Kuni hupangwa chini ya paa, zikiachiwa nafasi ya kupita hewa.

Kijana apasua na kupanga tangu asubuhi. Jasho lamtoka, na ziwa lang'aa mbele ya macho yake. Mwisho auliza:

«Babu, leo ni joto. Kwa nini tunafikiri habari ya moto?»

Babu ajibu: «Mjukuu wangu, kuni hizi si za leo. Ukizipasua leo, wakati wa baridi utapata moto. Ukizipasua wakati wa baridi, utapata moshi.»

Kijana anyamaza. Afikiri nyumba ya babu na bibi, theluji mpaka madirishani, na jiko moja katikati. Kisha ashika shoka tena. Rundo lile lazima liwatoshe wazee wawili mpaka mwezi wa nne.

4. Sikukuu mbili

Watu hawa hawafanyi kazi tu. Karibu na tarehe 24 ya mwezi wa sita ni sikukuu ya Mtakatifu Yoane Mbatizaji, iitwayo «Juhannus». Tangu mwaka 1955 hufanywa siku ya Jumamosi, kati ya tarehe 20 na 26. Siku hiyo miji huwa kimya, kwa maana watu wengi wamekwenda maziwani. Huweka miti michanga ya koivu pande mbili za mlango. Bendera ya nchi, nyeupe yenye msalaba wa buluu, hupandishwa saa kumi na mbili ya jioni ya mkesha, nayo haishuki usiku kucha, mpaka saa tatu ya usiku wa siku ya sikukuu yenyewe. Kando ya maji huwashwa moto mkubwa. Lakini msitu ukiwa mkavu mno, serikali hukataza moto, na wote hutii, kwa sababu cheche moja yaweza kuchoma mali ya watu wengi.

Sikukuu ya pili ni ndogo, ya jamaa yenyewe. Katika mwezi wa saba dada atimiza miaka 9. Bendera hupandishwa tena, kwa ajili yake. Bibi hutengeneza keki yenye malai na matunda mekundu ya stroberi, ambayo huiva majuma hayo. Majirani waja kwa mtumbwi. Wakubwa wanywa kahawa, na watoto washindana kukimbia ndani ya magunia. Mtoto azaliwaye wakati wa baridi hufanyiwa sikukuu ndani ya nyumba. Azaliwaye wakati wa joto hupewa ziwa zima.

5. Sauna, maji na msitu

Kando ya mökki nyingi pana kibanda cha kuogea kiitwacho sauna. Ndani yake mna jiko lenye mawe juu. Moto huwashwa mpaka joto lifike digrii 80 au zaidi. Watu huketi juu ya mabenchi ya mbao na kumwaga maji kidogo juu ya mawe. Mvuke hupanda, jasho hutoka, na uchafu wote huondoka. Kisha hukimbia na kujitupa ziwani. Zamani wanawake wengi walijifungulia katika sauna, kwa kuwa palikuwa mahali safi na pa joto kuliko pengine. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliandika desturi hiyo katika orodha ya desturi za mataifa zinazostahili kutunzwa.

Ziwa latoa furaha, nalo laweza kuua. Kila kiangazi wako watu wanaozama. Kwa hiyo jamaa hiyo ina amri mbili: hapana mtoto aogeleaye peke yake, na hapana mtu aingiaye mtumbwini bila koti la kuelea. Babu mwenyewe alivaa, ijapokuwa alijua kuogelea mbele ya baba kuzaliwa.

Msituni wote huchuma matunda madogo, meusi na mekundu. Kwa desturi ya Ufini kila mtu aruhusiwa kuchuma matunda ya mwituni, hata katika msitu wa mwingine, bila kuomba ruhusa. Lakini asikaribie ua wa nyumba ya mtu, asikate miti, wala asiwashe moto bila idhini. Bibi hutia matunda katika barafu au huyapika na sukari, ili jamaa ipate kuyala katika miezi ya giza.

6. Kufunga nyumba

Mwisho wa mwezi wa nane usiku warudi. Mbele ya baridi kuja jamaa hufunga mökki. Huondoa gati. Hupindua mtumbwi juu ya nchi kavu. Humwaga maji yote katika mabomba na madumu. Kwa nini? Kwa sababu maji yakiganda huwa makubwa zaidi, na bomba la chuma hupasuka kama yai.

Siku ya mwisho babu azunguka nyumba polepole. Atazama ukuta mwekundu, ulio mzuri hata pale juu. Ashika kipande kimoja cha kuni na kukigonga kwa kingine. Kuni mbichi hulia kwa sauti nzito. Hizi zalia kwa sauti kali, maana zimekauka. «Tutalala vizuri,» amwambia kijana.

Hivyo ndivyo kiangazi cha jamaa ya Ufini. Baba alijifunza kwa babu, na kijana ajifunza kwa baba, na hakuna aliyeandika somo hilo katika daftari. Kazi ya mikono na furaha ya pamoja viliingia siku zile zile chache. Wahenga walisema: Akiba haiozi. Kuni zilizopangwa vema ni akiba. Na mtoto aliyefundishwa kuzipanga ni akiba kubwa kuliko kuni.

Maulizo

1. Kwa nini mchana ni mrefu sana katika Ufini mwezi wa sita?
2. Kwa nini gati hutolewa majini mbele ya baridi kuja?
3. Rangi nyekundu hutengenezwa kwa vitu gani?
4. Babu alimjibu nini kijana habari ya kuni? Eleza maana yake.
5. Maji yakiganda ndani ya bomba, hufanya nini?
6. Katika kijiji chako, ni kazi gani ambazo ni lazima kuzimaliza mbele ya mvua kuanza?